Jinsi ya kujua nukta iko wapi: mstari wa namba, grafu ya x na y, mpaka kupima kama nukta imo kwenye mstari

Mtu akikwama kwenye maswali ya nukta na grafu huwa anadhani hajui hesabu, kumbe hesabu yenyewe humo ndani ni kujumlisha, kutoa na kugawanya kidogo, shida ni kwamba ameanza kuweka nukta kabla hajausoma mchoro. Kwa hiyo kabla ya lolote, kila ukikutana na mstari wa namba au grafu, jiulize mambo matatu: sifuri iko wapi, namba zinaongezeka kuelekea upande gani, na hatua moja ni kiasi gani. Nitayarudia haya mpaka uchoke lakini ndo msingi wenyewe.

Shika penseli, rula na karatasi ya vijiboksi. Hii mada ukiisoma bila kuchora inakuponyoka.

Hatua ya 1: mstari wa namba, anza na nafasi

Chora mstari ulionyooka, weka mishale pande zote mbili kuonyesha hauishii hapo, chagua pa kuweka sifuri afu piga vialama kwa umbali unaolingana. Kulia namba zinaongezeka, kushoto zinapungua.

Sasa kwenye mitihani mara nyingi mstari unakuja umeshachorwa na umeandikwa namba mbili tu, tuseme −6 na 9, katikati kuna vialama vinne vitupu na unaulizwa cha pili kutoka kushoto ni namba gani. Hapa usikisie. Hesabu nafasi, usihesabu vialama. Vialama vinne katikati vinatengeneza nafasi tano, umbali kutoka −6 hadi 9 ni 15, gawanya kwa 5 unapata 3. Kwa hiyo vialama ni −3, 0, 3, 6, na cha pili ni 0. Aliyegawanya kwa vialama vinne atapata hatua ya 3.75, na akijipima mwenyewe kwa kutembea hatua tano kutoka −6 atajikuta yuko 12.75 wakati alitakiwa afike 9. Hicho kipimo cha kutembea mpaka mwisho kifanye kila mara, kinachukua sekunde chache na kinakamata kosa papo hapo.

Hasi zenye desimali, hapa ndo wengi wanaanguka

−7 iko kushoto ya −3, kwa hiyo −7 ni ndogo, hilo watu wengi wanalishika. Ila mwambie mtu aweke −2.4 na utaona mkono unaenda kati ya −2 na −1. Sababu ni kwamba macho yamezoea 2.4, yaani "mbili na kidogo, songa kulia kidogo". Kwenye hasi hicho "kidogo" kinaenda mbali zaidi na sifuri, maana −2.4 ni −2 ukaongezea −0.4, so unafika −2 afu unaendelea kushoto. Iko kati ya −3 na −2, karibu zaidi na −2.

Sehemu nazo ni hivohivo. 7/4 usiiogope, gawanya kiasi kwa asili: 4 inaingia kwenye 7 mara moja inabaki 3, kwa hiyo ni 1 na robo tatu. Gawa nafasi kati ya 1 na 2 vipande vinne, weka nukta kwenye kipande cha tatu kinapoishia. −5/3 ni −1 na theluthi mbili, gawa nafasi kati ya −1 na −2 vipande vitatu, anzia −1 hesabu viwili kwenda kushoto. Na vipeuo je, kama kipeuo cha pili cha 10? Tafuta namba mbili nzima zinazokibana: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, kwa hiyo kiko kati ya 3 na 4, na kwa vile 10 iko karibu sana na 9 basi nukta iko karibu na 3. Ukiweka 3.2 hivi kwa jicho, uko sawa kabisa, maana yenyewe ni kama 3.16.

Hatua ya 2: umbali na mpangilio kwenye mstari mmoja

Umbali kati ya nukta mbili ni kubwa kutoa ndogo, basi. Kutoka −5 hadi 8 ni 8 − (−5) = 13. Umbali hauwi hasi, ukipata hasi umetoa kwa kugeuza tu, ondoa alama.

Swali linalogeuzwa ni hili: nukta gani ziko umbali wa 4 kutoka −1? Jibu ni mbili, 3 na −5, kwa sababu hujaambiwa uende upande gani. Anayeandika moja anapoteza nusu ya maksi na mara nyingi hata haelewi kwanini.

Hilohilo linakuja kwa sura nyingine, ya herufi. Nukta A, B na C ziko kwenye mstari mmoja, AB ni 7 na BC ni 4, AC ni ngapi? Wengi wanajibu 11 haraka haraka. Chora. Weka A, tembea 7 weka B. Kutoka B sasa una njia mbili, uendelee mbele 4 ufike 11 kutoka A, au urudi nyuma 4 ujikute 3 kutoka A. Zote zinakubali maneno ya swali, kwa hiyo AC ni 11 au 3. Ila kama swali limesema B iko kati ya A na C, hapo 11 peke yake. Na ukitaka kujua nani yuko katikati ukiwa umepewa umbali zote tatu, angalia umbali mrefu kuliko yote: herufi ambayo haimo kwenye huo umbali mrefu ndo iko katikati. AB = 7, BC = 4, AC = 3, mrefu ni AB, basi C ndo ya kati, na kweli 3 + 4 = 7. Zisipojumlika vizuri (mfano 7, 4 na 5) basi hazipo kwenye mstari mmoja hata kidogo, hizo zinatengeneza pembetatu.

Nukta ya katikati: jumlisha gawa kwa mbili. Katikati ya −5 na 8 ni 1.5. Ukiambiwa theluthi mbili ya njia kutoka −5 kwenda 7, kwanza umbali wote, 12, theluthi mbili yake ni 8, tembea 8 kutoka −5 unafika 3. Angalia umeanzia wapi lakini, ukianzia 7 theluthi mbili ya njia inakufikisha −1, ambayo ni sehemu nyingine kabisa.

Hatua ya 3: ongeza mstari wa pili

Mstari mmoja unakupa kulia na kushoto tu. Ukitaka nukta yoyote kwenye karatasi, chora mstari wa namba mwingine uliosimama, upite kwenye sifuri ya ule wa kwanza na kutengeneza pembe ya digrii 90. Uliolala ni mhimili wa x, uliosimama ni mhimili wa y, zinapokutana ndo kitovu, (0, 0). Kila nukta sasa inaandikwa kwa namba mbili kwenye mabano, ya x inatangulia.

Kuweka (3, 5): anzia kitovu, tembea 3 kulia, halafu panda 5. Tembea kwanza, panda baadaye. (5, 3) ni sehemu nyingine, tembea 5 panda 3. Na (−4, 2) ni kushoto 4, juu 2. Kila nukta mpya unaanzia kitovu upya, usianzie ulipoishia nukta iliyopita, hii inaonekana ndogo ila ukiwaangalia watu wanaoanza utaiona sana.

Kusoma nukta iliyokwishachorwa ni kinyume chake. Kutoka kwenye nukta shusha (au pandisha) mstari wima mpaka mhimili wa x, namba unayoikuta hapo ndo ya kwanza. Afu kutoka kwenye nukta hiyohiyo chora mstari uliolala mpaka mhimili wa y, hiyo ndo ya pili. Na hapa rudi kwenye yale maswali matatu, hasa la hatua: mihimili miwili si lazima iwe na hatua sawa. Kiboksi kimoja kwenye x kinaweza kuwa 1 huku kiboksi kimoja kwenye y ni 10, na mtu akihesabu viboksi tu bila kusoma namba anaandika (3, 4) wakati nukta ni (3, 40).

Vipande vinne na nukta zisizo na kipande

Mihimili inagawa karatasi vipande vinne, tuviite robo. Ya kwanza iko juu kulia, zote chanya. Kutoka hapo zinahesabiwa kinyume na mwendo wa mshale wa saa: ya pili juu kushoto, x hasi y chanya, ya tatu chini kushoto, zote hasi, ya nne chini kulia, x chanya y hasi. Usikariri sana, ukijua alama unajua robo.

Sasa (0, −4) iko robo gani? Hakuna. Iko kwenye mhimili wa y wenyewe, na nukta zilizo kwenye mhimili hazihesabiwi kwenye robo yoyote. Na utaona kitu kinachochanganya hapa: ni x ndo sifuri lakini nukta iko kwenye mhimili wa y. Ina mantiki, kama hujatembea kulia wala kushoto utakuwa wapi zaidi ya kwenye mstari uliosimama? Mtego wa aina hiyohiyo uko kwenye umbali. Nukta (−6, 2) iko mbali kiasi gani na mhimili wa x? Ni 2, sio 6. Umbali wa kutoka mhimili wa x unapimwa kwa kupanda na kushuka, kwa hiyo unasomwa kwenye y. Umbali kutoka mhimili wa y ndo 6.

Kwa sababu hiyohiyo x = 4 ni mstari uliosimama, unakusanya nukta zote ambazo zimetembea 4, ziwe zimepanda ama zimeshuka kiasi chochote. y = −2 umelala. Ukiona nukta mbili zina x sawa, jua moja iko juu ya nyingine wima, zikiwa na y sawa ziko usawa mmoja.

Hatua ya 4: nukta imo kwenye mstari au haimo?

Hii ndo sehemu tamu na pia ndo inayoulizwa sana. Mlinganyo kama y = 2x − 3 ni sharti, nukta yoyote inayotimiza hilo sharti imo, isiyotimiza haimo, hakuna katikati. Kwa hiyo huhitaji kuchora. Chukua x ya nukta, iweke kwenye mlinganyo, ona kama y inayotoka ndo ile uliyopewa.

(5, 7): 2 × 5 − 3 = 7. Imo.

(−1, −4): 2 × (−1) − 3 = −5. Mstari pale x = −1 uko kwenye −5, nukta yetu iko −4. Haimo, na umepata taarifa ya ziada bure: −4 ni kubwa kuliko −5, so nukta iko juu ya mstari, kwa kipimo 1 ukipima wima. Hii ya juu au chini itakusaidia sana ukifika kwenye maswali ya kutia kivuli eneo.

Mlinganyo ukiwa umepangwa tofauti, mfano 3x + 4y = 24, usihangaike kuupanga upya, weka zote mbili uone kama inatoka 24. (4, 3) inatoa 12 + 12, imo. (2, 5) inatoa 6 + 20 = 26, haimo. (−4, 9) inatoa −12 + 36 = 24, imo pia.

Hapo kwa (−4, 9) simama kidogo. Huu mstari unakata mhimili wa x pale y ikiwa sifuri, 3x = 24, yaani (8, 0), na unakata mhimili wa y kwenye (0, 6). Swali likisema "kipande cha mstari kutoka (0, 6) hadi (8, 0)", basi (−4, 9) haimo ingawa inatimiza mlinganyo, kwa sababu iko nje ya ncha. Kwa kipande lazima upime mara mbili: mlinganyo, halafu kama x iko kati ya x za ncha zake (kama kipande kimesimama wima, pima kwa y).

Njia hii ya kubadilisha herufi kwa namba haiishii kwenye mistari iliyonyooka. Duara lenye kitovu (0, 0) na nusu kipenyo 5 ni x² + y² = 25. (−4, 3): 16 + 9 = 25, iko kwenye duara lenyewe. (2, 4.5): 4 + 20.25 = 24.25, pungufu kidogo, iko ndani ya duara. Kwa jicho kwenye karatasi usingeweza kutofautisha.

Nukta tatu kwenye mstari mmoja, bila mlinganyo

Umepewa A(−2, −1), B(1, 5) na C(4, 11), unaulizwa kama ziko kwenye mstari mmoja. Tumia mteremko, yaani umepanda kiasi gani ukigawanya kwa umetembea kiasi gani. A kwenda B: kupanda 6, kutembea 3, mteremko 2. B kwenda C: kupanda 6, kutembea 3, mteremko 2. Mteremko sawa na B imo kwenye zote mbili, basi ziko mstari mmoja. Ongeza D(6, 16): kutoka C kupanda 5, kutembea 2, mteremko 2.5. Haimo, ingekuwa (6, 15) ndo ingekaa. Ukichora hizi nne kwenye karatasi ndogo D itaonekana kama imo, ndo maana "inaonekana imenyooka" sio jibu.

Kitu cha kuchunga: x zikiwa sawa kutembea ni 0 na huwezi kugawanya kwa sifuri. Usilazimishe, angalia tu kama x zote tatu ni sawa, zikiwa sawa mstari umesimama, kazi imeisha. Na kwenye kutoa, ukianza na B kwenye y anza na B kwenye x pia, ukichanganya unapata alama kinyume.

Hatua ya 5: umbali na katikati kwenye grafu

(−3, 2) na (5, 8): tofauti ya x ni 8, ya y ni 6. Hizo ni pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na umbali tunaoutafuta ni ule upande mrefu, kwa hiyo Pythagoras anaingia, yaani zidisha kila upande mfupi kwa wenyewe, jumlisha, afu tafuta kipeuo cha pili: 64 + 36 = 100, kipeuo chake 10. Fomula ndefu ya vitabuni ni hii tu, ukichora hiyo pembetatu hutaisahau.

Katikati yao: wastani wa x, wastani wa y, (1, 5). Ukipewa ncha moja A(−4, 3) na katikati M(2, −1) ukaambiwa utafute ncha nyingine, wala usianze kuunda milinganyo. Kutoka A kwenda M umetembea +6 na umeshuka 4. Fanya hivohivo tena kutoka M: (8, −5). Basi.

Grafu isiyo ya darasani

Kulia chanya na juu chanya ni makubaliano tu. Hata René Descartes, ambaye mfumo huu umebeba jina lake kwa kazi ya jiometri aliyoichapisha 1637, hakuchora mihimili miwili kamili yenye hasi na chanya kama tunavyochora sasa, na mwanahisabati mwingine, Pierre de Fermat, alikuwa na wazo kama hilo miaka hiyohiyo. Ukianza kuandika programu zinazochora kwenye skrini utakuta mara nyingi (0, 0) iko kona ya juu kushoto na y inaongezeka ukishuka, na mtu aliyezoea ya darasani anaweka picha juu inatokea chini anabaki kulaumu kompyuta.

Ramani ndo balaa zaidi. Kwenye ramani za simu namba ya kwanza ni latitudo, ambayo ni ya kupanda na kushuka, ya pili ni longitudo ya kulia na kushoto, yaani mpangilio umegeuka ukilinganisha na (x, y). New York iko karibu na 40.7, −74. Geuza uandike −74, 40.7 na umeshatua kwenye barafu la Antaktika. Kuna programu zinazotaka longitudo itangulie, kwa hiyo soma maelekezo yake kabla ya kubandika namba.

Jipime

Fanya kwanza, majibu yako chini.

Moja: mstari una −8 na 4, katikati vialama vitatu vitupu, cha tatu kutoka kushoto ni ngapi? Mbili: (−5, 0) iko robo gani? Tatu: kwa y = −3x + 4, (2, −2) na (−1, 6) ziko wapi? Nne: P(−1, −4), Q(2, 2), R(5, 8), ziko mstari mmoja? Na Q iko katikati kabisa? Tano: nukta (a, 3) iko umbali wa 10 kutoka (1, −5), a ni ngapi?

Majibu. La kwanza nafasi ni nne, hatua 3, kialama cha tatu ni 1. La pili haiko robo yoyote, iko kwenye mhimili wa x. La tatu, (2, −2) imo, na (−1, 6) iko chini ya mstari kwa sababu pale mstari uko kwenye 7. La nne ndiyo, mteremko ni 2 pande zote, na Q ni katikati ya P na R kweli, piga wastani uone. La tano, tofauti ya y ni 8, 100 − 64 = 36, kutembea ni 6, na kwa vile hujaambiwa upande gani, a ni 7 au −5.